Maji ya Elmenteita Yana Majina, Nani Atayasoma?

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akishaupita mji wa Gilgil, hulakiwa na moshi wa nyama choma kabla hajakiona kituo chenyewe cha Kikopey. Madereva wa malori hupumzika hapo, abiria hunyoosha miguu, na mbuzi wasiohesabika wamemaliza safari yao ya dunia kando ya barabara hiyo. Ni wachache miongoni mwa walaji wanaogeuza macho kutazama bondeni, ambako Ziwa Elmenteita limetandaza maji yake ya magadi. Wachache zaidi wanajua kwamba upande wa kusini wa ziwa hilo ziko chemchemi za maji moto zenye jina lilo hilo la Kikopey, ambamo watu huoga na visamaki vidogo huzaliana katika maji ambayo samaki wengi wasingeyastahimili hata kwa saa moja.

Makala haya hayahusu nyama. Yanahusu maji hayo, na swali ambalo ningependa walimu wa sayansi na wanafunzi wao walitafakari: je, mtu akichota lita moja ya maji ziwani, anaweza kutambua viumbe wanaoishi humo bila ya kumwona hata mmoja wao? Sayansi ya leo inajibu kwamba anaweza. Lakini jibu hilo lina sharti lake, na sharti hilo ndilo linalonishughulisha, kwa kuwa aghalabu halitajwi na wale wanaotuletea habari za maajabu haya.

Kila kiumbe huacha alama apitapo. Samaki hupukutisha ute na magamba, ndege hudondosha manyoya na kinyesi, chura huacha ngozi yake nyembamba, na hata vijidudu visivyoonekana kwa macho hufa na kumeguka. Katika kila kipande cha mabaki hayo mna vinasaba, yaani DNA, ile maandishi ya urithi inayomfanya heroe awe heroe na kiboko awe kiboko. Mabaki haya yaliyotawanyika majini, udongoni na hata hewani ndiyo wataalamu wanayoyaita DNA ya mazingira. Mtafiti huyapitisha maji kwenye kichujio chenye vitundu vidogo mno. Kinachosalia juu ya kichujio hutiwa dawa za kutenga DNA, kisha mashine huirudufu sehemu moja fupi ya DNA hiyo mara nyingi sana hadi iweze kusomwa. Maandishi hayo, ambayo yana herufi nne tu, hulinganishwa na orodha ya spishi ambazo DNA yao imeshasomwa na kuwekwa akiba. Yakilingana, jina hutoka. Msasi wa zamani alifanya kazi ya namna hiyo alipoinama asubuhi kutazama unyayo kwenye tope. Hakumwona pongo, lakini alijua kwamba pongo alipita usiku.

Mbinu hii si ramli, na haikuanza jana. Mwaka 2008 watafiti walionyesha nchini Ufaransa kwamba chura mkubwa wa Marekani, mvamizi asiyetakiwa huko, angeweza kugunduliwa kwa kupima maji ya dimbwi tu. Mwaka 2012 wenzao wa Denmark walichota chupa tatu za nusu lita baharini, wakapata humo alama za spishi 15 za samaki. Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika Ghuba, nje ya pwani ya Qatar, ambako papa potwe hukusanyika kwa wingi. Kutokana na DNA iliyomo majini watafiti waliweza kueleza habari za ukoo wa potwe hao. Wasomaji wa Mafia, ambao potwe ni mgeni wao wa kila mwaka, wataelewa kwa nini habari hiyo ilinisisimua.

Jitihada kubwa zaidi ni ile ya UNESCO, ambayo kati ya mwaka 2022 na 2023 ilikusanya maji katika maeneo 21 ya bahari yaliyomo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia, na kutambua takriban spishi 4,500. Walioshika chupa wengi wao walikuwa watu wa kawaida, wakiwemo watoto wa shule, ambao walifundishwa kuchota, kuchuja na kuandika kumbukumbu. Mwalimu asomaye habari hizi na asiwaonee wivu wenzake wa nchi hizo ana moyo mgumu kuliko wangu.

Atatokea wa kuuliza: hayo ni ya bahari, Kikopey inahusikaje, nayo imekaa katika Bonde la Ufa, mamia ya kilomita kutoka Mombasa? Nasema inahusika sana. Elmenteita, pamoja na Nakuru na Bogoria, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Kabla ya hapo, mwaka 2005, lilikuwa limeshatambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama eneo la majimaji lenye umuhimu wa kimataifa. Ni ziwa la magadi, lisilo na mto wa kutoa maji nje, lenye kina kifupi hata mtu mzima angeweza zamani kulivuka sehemu nyingi bila ya kuzama. Heroe hulifuata kwa ajili ya chakula, na ndege mwari, yule mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo, hutaga kwenye visiwa vyake. Mradi wa UNESCO ulihusu bahari, kwa hiyo maziwa yetu hayakuguswa. Lakini maji ni maji, na kinachosomwa katika chumvi ya bahari kinaweza kusomwa katika magadi.

Tena kimeshasomwa. Mwaka 2010 na 2011 wanasayansi Wakenya, miongoni mwao Romano Mwirichia, Anne Muigai na Hamadi Boga, wakishirikiana na mtaalamu kutoka Ujerumani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa viumbe wa seli moja katika Ziwa Elmenteita. Hawakutegemea kuwafuga viumbe hao katika vyungu vya maabara, kwani wengi wao hukataa kufugwa. Walitenga DNA moja kwa moja kutoka kwenye maji na tope la ziwa. Wakakuta umati wa bakteria na jamaa zao, wengi wasiokuwa na ndugu wa karibu katika orodha zilizokuwapo wakati huo. Profesa Boga baadaye akawa Katibu katika Wizara ya Kilimo, na sijui ni wangapi waliomsikiliza ofisini wakijua kwamba aliwahi kulisoma ziwa kwa herufi zake.

Mfano wa pili wa nyumbani ni wa mwaka 2019, nao unagusa afya. Watafiti walipima maji ya mito na mifereji nchini Kenya wakitafuta DNA ya minyoo ya kichocho. Desturi ilikuwa ni kuingia majini kwa buti na wavu, kuokota konokono mmoja mmoja, na kungoja waonyeshe kama wamebeba vimelea. Maji yalitoa jibu linaloafikiana na lile la konokono, na katika sehemu mbili yalionyesha kuwapo kwa minyoo ambako waokotaji wa konokono hawakuipata. Mzazi ambaye mtoto wake huvuka mfereji kila siku kwenda shule hahitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo.

Sasa tuje kwenye sharti. Wakati wa kulielezea, hebu tuanze na kisa cha Marekani. Mwaka 2014 watafiti walichapisha jaribio walilolifanya katika tangi kubwa la maonyesho huko Monterey, California, ambamo kila samaki alijulikana kwa jina. Walitaka kuona kama maji yangesema kweli. Maji yaliwataja samaki wenye mifupa waliokuwamo. Lakini papa na kasa waliokuwamo humo humo hayakuwataja hata kidogo, na badala yake yakamtaja samaki ambaye hakuwamo kabisa. Huyu alikuwa amesagwa kuwa chakula cha wenzake!

Tazama basi hali ya Kikopey. Mvua kubwa ikinyesha, maji hushuka kutoka barabarani kuelekea bondeni, yakichukua kila kilichomwagwa na wachinjaji na waosha vyombo. Mtafiti mgeni akichota maji baada ya mvua hiyo, huenda mashine yake ikamwambia kwamba kiumbe mashuhuri wa Elmenteita ni mbuzi. Sisi tutacheka, kwa sababu tunajua mbuzi alitoka wapi. Yeye atajuaje? Atajua tu akiwa na mtu wa hapa wa kumwambia, au akiwa amekaa hapa vya kutosha.

DNA pia haisemi idadi kwa uhakika. Heroe elfu kumi wanaweza kuacha alama inayofanana na ya heroe elfu thelathini, kutegemea upepo, joto na mahali palipochotwa. Haitofautishi aliye hai na aliyekufa juzi. Haidumu milele: jua na joto huiharibu, na muda wake hutofautiana kutoka maji hadi maji, hivyo kipimo cha bahari ya Denmark hakiwezi kuazimwa kwa chemchemi za maji moto bila ya kufanyiwa majaribio upya. Haya yote ni kasoro zinazotibika kwa kazi na subira.

Lililo gumu zaidi ni lile la majina. Nimesema kwamba maandishi ya DNA hulinganishwa na orodha. Je, orodha hiyo imeandikwa na nani, na kutoka wapi? Samaki wa Ulaya wameandikwa karibu wote. Wa kwetu wameandikwa nusunusu. Waliochunguza Ziwa Tanganyika, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020, walilikuta tatizo hilo waziwazi. Ziwa hilo lina zaidi ya spishi 200 za jamii moja tu ya samaki, jamii ya sikilidi, ambayo ngege naye ni mmojawapo. Ile sehemu ya DNA inayotumiwa kila mahali duniani kutambua samaki ilishindwa kuwatenganisha ndugu hao waliokaribiana mno. Iliwabidi watafiti watengeneze vipimo vyao mahsusi, na kabla ya hapo wajenge orodha yao wenyewe: samaki mmoja mmoja, ametambuliwa na mtu anayewajua samaki, kisha DNA yake ikasomwa.

Msomaji, rudi nami kwenye chemchemi za Kikopey. Wale visamaki wa maji moto ni wa ukoo wa samaki wa Ziwa Magadi, mmoja wa samaki wagumu kuliko wote duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 samaki huyo alichukuliwa kutoka Magadi akapandwa katika Ziwa Nakuru, na mwari wakafurahia karamu hiyo. Tangu mwaka 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda na kumeza misitu, barabara na nyumba. Ziwa Nakuru lilivyopanuka chumvi yake ilipungua, na humo wakapatikana ngege wa aina nyingine ambao hapo awali wasingeweza kuishi humo. Tuseme basi mwalimu wa Gilgil anataka kujua kama wageni hao wamefika Elmenteita. Kwa nadharia, chupa moja ingemjibu mapema kabla ya mvuvi yeyote. Kwa vitendo, mgeni huyo na mwenyeji wake ni binamu, na kama hakuna aliyeandika kwa makini DNA ya samaki wa Kikopey, wa Magadi, wa Naivasha na wa Baringo, mashine itatoa jibu moja la jumla: ngege. Hilo hata mtoto mwenye ndoana angelisema, tena bure.

Kwa hiyo wanaodhani kwamba mashine hizi zitamstaafisha yule mzee wa makumbusho aliyetumia miaka arobaini akihesabu miiba ya mapezi wamekosea kabisa. Zinamhitaji zaidi ya wakati wowote. Unyayo haumfai asiyemjua mnyama. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana hazina ya samaki, ndege na wadudu waliohifadhiwa kwa vizazi, na kila mmoja wao mwenye jina na mahali alipotoka ni ukurasa wa orodha hiyo. Lakini vijana wangapi wa vyuo vyetu leo wanasomea kazi ya kutambua na kutaja viumbe? Wengi hukimbilia mashine, kwa kuwa mashine ndiyo yenye ufadhili.

Lipo pia suala la nani anaondoka na chupa. Mwaka 1992 wanasayansi wa kigeni walikusanya vijidudu katika maziwa yetu ya magadi, na vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu hivyo vikaingia katika biashara ya kufifisha rangi ya suruali za jinzi na kutengeneza sabuni. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza hadharani kudai haki ya nchi katika faida hiyo, na mabishano yakawa makali. Mwaka 2007 shirika hilo lilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark, wenye masharti ya kugawana manufaa. Baadaye ukaja Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ambao Kenya imeuridhia, unaotaka anayechukua mali ya urithi wa viumbe apate kwanza idhini na akubaliane na wenyeji kuhusu mgawanyo.

Chupa ya leo ina hila mpya, hata hivyo. Zamani mtu alilazimika kuondoka na kijidudu chenyewe. Siku hizi akishasoma herufi zake na kuziweka katika kompyuta, hahitaji tena kijidudu wala chupa. Ndiyo maana mataifa yalibishana miaka mingi kuhusu maandishi hayo, hadi Februari 2025 ulipozinduliwa Mfuko wa Cali, ambao makampuni yanayonufaika na maandishi ya vinasaba yanatarajiwa kuuchangia. Yanatarajiwa, hayalazimishwi, na msomaji anajua tofauti ya maneno hayo mawili. Mimi sitetei kufunga milango. Maandishi yaliyofichwa hayamfai mtu, na wanafunzi wetu wenyewe hutumia bure yale yaliyoandikwa na wengine. Ninachotetea ni kwamba lita ya maji ya Elmenteita isomwe kwanza hapa, na wanaoisoma wawe ni pamoja na waliozaliwa hapa.

Najua pingamizi lililo ndimi mwa walimu. Shule isiyokuwa na darubini itafanya nini na DNA? Ni swali la haki. Mashine za kusomea ni ghali, dawa zake huagizwa kutoka ng'ambo, na haitakuwa busara kuidai wizara ipeleke maabara ya vinasaba Kikopey wakati choo cha shule kimeporomoka. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haina umeme. Kuchota maji bila ya kuyachafua kwa mikono, kuyachuja, kuandika saa na mahali, kupima joto, kuorodhesha viumbe wanaoonekana na majina yao ya Kiswahili, Kimaasai na Kikuyu kando ya lile la kisayansi: haya yanafundishika kwa daftari. Kusoma DNA kwenyewe kunaweza kufanywa katika vyuo vikuu vyetu.

Wala hatuanzi patupu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Makumbusho ya Taifa na washirika wake wamekuwa wakiandaa sensa ya ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa, hasa mwezi wa Januari. Watu wa kujitolea hujipanga ufukweni na darubini za mkononi, wakahesabu heroe, mwari na bata hadi macho yakauma. Sensa hiyo ina kumbukumbu ya miongo mitatu, kitu ambacho mashine mpya kabisa haiwezi kukinunua. Utafiti wa setelaiti uliochapishwa mwaka 2024, uliochunguza maziwa 22 ya magadi ya Afrika Mashariki, ulionyesha kwamba maji yanapopanda chakula cha heroe hupungua, na kwamba maziwa waliyoyazoea yanaelekea kuwa na njaa. Setelaiti huona rangi ya maji kutoka juu. Mwenye darubini huona ndege. Kilichomo ndani ya maji, ile spirulina ambayo heroe huila na vijidudu vinavyochukua nafasi yake inapoadimika, hakionwi na yeyote kati yao.

Pendekezo langu basi ni dogo. Siku ya sensa, pale pale mhesabuji anaposimama, mwanafunzi mmoja achote lita moja. Maji yachujwe siku hiyo hiyo, kichujio kigandishwe katika chuo kikuu kilicho karibu, na nakala ya hesabu ya ndege iambatanishwe nacho. Pesa za kukisoma zikikosekana mwaka huu, kitasomwa mwaka wa tano, nacho kitakuwa bado kinaonyesha Elmenteita ya Januari hii, kabla ya mvua nyingine. Lebo iandikwe kwa kalamu isiyofutika, kwa kuwa magadi hula wino: tarehe, saa, joto la maji, kina, jina la aliyechota, na kama mvua ilinyesha Kikopey usiku uliotangulia.